Tuiwekee Miamba Yetu Daftari

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya semina ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Tanga.)



Nimeombwa nizungumze juu ya miamba ya matumbawe, nami si mwanasayansi. Mimi ni mwandishi wa gazeti la Chama. Kazi yangu ni kuuliza maswali na kuyaandika majibu. Kwa hiyo yafaa nianze na jibu nililoliandika vibaya.

Mwaka 2016, nikiwa mchanga katika kazi hii, mvuvi mmoja mzee alinichukua katika mtumbwi wake kwenda kuutazama mwamba ulio mbele ya kijiji chao. Ilikuwa Aprili, wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, bahari imetulia tuli. Nilivaa miwani ya kuzamia nikatumbukiza uso majini. Chini yangu kila kitu kilikuwa cheupe. Matumbawe yenye matawi meupe, ya mviringo meupe, hata yale mapana kama sinia meupe pe, kama kwamba mtu amepita usiku akayapaka chokaa. Nilirudi mjini na moyo mzito nikaandika kwamba mwamba ule umekufa, nikaongeza, kwa kuwa nilitaka kuwa na mkosaji, kwamba umeuawa na uvuvi haramu. Makala hayo yalipewa nafasi nzuri. Nilisifiwa.

Baada ya mwaka mmoja mzee yule aliniita tena. Tulikwenda palepale. Mengine kweli yalikuwa yamekufa, yamevaa mwani mchafu kama ukungu juu ya ukuta wa nyumba iliyohamwa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa imerudia rangi yake, ya kahawia, ya kijani na ya zambarau, na samaki wakipita katikati. Mzee hakunikaripia. Alisema tu: "Mwanangu, ulitusomea hitima, na maiti bado anapumua."

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi nilikosea wapi. Macho yangu yalikuwa mazima, wala sikusema uongo kwa makusudi. Kilichonipotosha ni kwamba niliutazama mwamba siku moja, nikautolea hukumu ya miaka.

Kila mama aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaijua kadi. Mtoto wa kilo nane ni mzima au mgonjwa? Hakuna muuguzi atakayelijibu swali hilo kwa kutazama mizani peke yake. Ataifungua kadi atazame umri, kisha mwezi uliopita mtoto alikuwa na kilo ngapi, na mwezi wa kabla yake. Aliyekuwa na saba na sasa ana nane, anakua. Aliyekuwa na tisa na sasa ana nane, ashughulikiwe leo. Mizani ni ileile, kilo ni zilezile, habari ni mbili tofauti kabisa. Mwamba nao unahitaji kadi. Ninalotaka kuwashawishi leo, ndugu zangu, ni kwamba kadi hiyo tunapaswa kuiandika sisi wenyewe, kila mwaka, bila kuacha, na kwamba tusipoiandika tutashindwa hata kujua ni nani wa kumdai.

Kwanza tuelewane juu ya kinachohesabiwa. Wengi wetu tumezoea kuyaona matumbawe kama mawe. Tumeyajengea nyumba, tumeyachoma kupata chokaa, magofu ya Kilwa na haya ya Tongoni, jirani na hapa tulipo, yamesimama kwa mawe ya namna hiyo. Lakini tumbawe lililo hai ni jamii ya wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, walioshikana na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hupika chakula kwa nguvu ya jua, humgawia mwenye nyumba, na ndio unaompa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wenye joto kali kuliko yote, hata kwa nyuzijoto moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, mapatano hayo huvunjika na mwani hufukuzwa. Hapo tumbawe hupauka. Bado halijafa, lina njaa. Maji yakipoa upesi, mwani hurudi na maisha huendelea. Joto likizidi kukaa, njaa huua.

Matumbawe yenye matawi yaweza kurefuka sentimeta kumi na zaidi kwa mwaka. Yale ya mviringo, makubwa kama vichuguu, huongezeka sentimeta moja hivi. Kwa hesabu hiyo, tumbawe la mviringo lenye kimo cha mtu mzima huenda lilikuwapo tayari kilipopiga kile kimbunga cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja. Hakuna mtu mmoja awezaye kukaa na kiumbe cha namna hiyo mpaka amjue. Lazima kazi ipokezanwe, anayestaafu amwachie anayeanza, na chombo cha kupokezana ni daftari.

Wanaohesabu hufanyaje? Kazi yenyewe haina miujiza. Hupigilia vigingi vya chuma mwambani ili mwakani warudi palepale, si jirani na palepale. Hutandaza utepe wa kupimia, tuseme wa mita 20, kisha huogelea juu yake taratibu na kuandika kila kilicho chini ya utepe kinaanzia wapi na kinaishia wapi: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga, kifusi. Mita za tumbawe hai zikigawanywa kwa mita zote, hupatikana asilimia. Huhesabu samaki kwa aina, hasa pono, kwa sababu pono ndiye mfagizi wa mwamba. Anakwangua mwani na kuwaachia nafasi watoto wa matumbawe wapate pa kushika. Humhesabu pia yule kiti cha pweza mwenye miiba, alaye matumbawe, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliisumbua miamba ya Unguja. Huacha kipimajoto majini. Mwaka unaofuata hurudi wakafanya vilevile, kwa utepe uleule. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri za gazetini, na ndiyo maana ni rahisi kuiacha.

Sasa tazameni thamani yake. Wengi hapa mnaikumbuka mvua ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998, iliyokata barabara na reli. Baharini jambo jingine lilitokea ambalo magazeti hayakuliona. Kuanzia miezi ya mwanzo ya 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakafa kwa wingi, Mafia, Pemba, Msumbiji, Shelisheli, Maldivi. Tunajuaje ukubwa wa msiba ule? Katika hifadhi za bahari za Kenya watafiti walikuwa wameanza kuhesabu tangu mwaka 1987. Walikuwa na miaka kumi ya daftari mkononi joto lilipofika. Ndiyo maana waliweza kusema kwamba eneo lililofunikwa na matumbawe hai lilishuka kutoka kama asilimia 40 hadi kama asilimia 10. Bila miaka ile kumi, ile asilimia 10 ingekuwa namba tupu. Mgeni angesema: miamba ya Afrika Mashariki ndivyo ilivyo.

Kwa upande wetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar mwaka 1978, na watafiti wake wamefanya kazi ya kuheshimika katika miamba ya visiwani na ya bara. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Chumbe ililindwa mwaka 1994, na askari wake wa hifadhi, watu waliotoka katika vijiji vya uvuvi, wamekuwa wakiutazama mwamba ule siku hadi siku. Hatukulala, basi. Lakini mwambao wetu ni mrefu na madaftari yetu ni machache, tena yana kurasa zilizorukwa.

Kutokana na madaftari ya nchi zote za magharibi ya Bahari ya Hindi yaliyokusanywa pamoja, taarifa iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kwamba matumbawe hai, ambayo kabla ya 1998 yalifunika wastani wa asilimia 40, yalibaki kama asilimia 30 baada yake. Taarifa hiyohiyo ilieleza habari za joto la 2016, mwaka wa aibu yangu. Kama asilimia 30 ya miamba iliyotazamwa ilipauka vibaya, lakini ni kama asilimia 10 tu iliyokuwa na vifo vya kiwango hicho. Nilipoisoma nilielewa kwamba mzee wa mtumbwi alikuwa amelijua jambo hilo bila asilimia yoyote, kwa sababu yeye alikuwa anarudi kila siku.

Niwapeleke kidogo Australia, kwa kuwa huko wamefanya kazi hii kwa muda mrefu na kwa fedha nyingi, na mtu hapungukiwi heshima kwa kujifunza kwa mwenye uwezo. Tangu mwaka 1985 taasisi yao ya sayansi ya bahari imekuwa ikihesabu miamba ya Great Barrier Reef. Mzamiaji hushika ubao unaokokotwa polepole na boti. Kila baada ya dakika mbili boti husimama, naye huandika aliyoyaona. Boti huondoka tena. Ni hivyo hivyo kuuzunguka mwamba mzima, kisha mwamba mwingine. Mwaka 2012 walichapisha matokeo ya hesabu 2,258 katika miamba 214. Matumbawe hai yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 28 mwaka 1985 hadi asilimia 13.8 mwaka 2012. Nusu ya mali imepotea katika miaka 27! Lakini sikilizeni zaidi: daftari lao liliweza kuigawa hasara hiyo kwa wakosaji. Vimbunga vilihusika kwa asilimia 48, viti vya pweza vyenye miiba kwa asilimia 42, na kupauka kwa asilimia 10. Kila mkosaji ana dawa yake. Kimbunga hakizuiliki kwa amri. Kiti cha pweza chaweza kuondolewa kwa mikono, na maji machafu ya mashambani yanayodhaniwa kumlisha akiwa kiluwiluwi yaweza kupunguzwa.

Tangu hapo hesabu imegeuka. Joto limerudi huko mwaka 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Katikati ya mapigo hayo, mwaka 2022, sehemu za kaskazini na kati za mwamba ule zilionyesha matumbawe mengi kuliko mwaka wowote katika miaka 36 ya hesabu, kwa sababu yale yenye matawi hukua upesi yakipata nafasi. Watu wakashangilia. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2025 ikaonyesha kaskazini imeshuka kutoka asilimia 39.8 hadi 30, na kusini kutoka 38.9 hadi 26.9, kwa mwaka mmoja. Mwandishi aliyefika 2022 aliweza kuandika kwamba mwamba umepona. Aliyefika 2025, kwamba umekwisha. Wote wawili ni ndugu zangu, nawafahamu kwa moyo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Huku kwetu mwamba ukiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni mvuvi. Mimi mwenyewe nilimlaumu katika makala yale ya 2016, na sikuwa na ushahidi wowote. Mvuvi mwenye dema na mshipi hana msemaji gazetini. Hana wakili. Yupo karibu, na ni maskini, kwa hiyo ni mkosaji anayefaa. Kumbe maji yale yalitiwa moto na mitambo ya viwanda ambayo yeye hajapata hata kuiona picha yake. Bara zima la Afrika hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imeingia katika kupauka kwa nne kwa miamba ya bahari zote. Kufikia Machi 2025, asilimia 84 ya miamba ya dunia, katika nchi na maeneo 82, ilikuwa imepatwa na joto la kuweza kuipausha. Je, hayo nayo ni makosa ya mwenye mtumbwi?

Katika mkutano wa Sharm el-Sheikh wa mwaka 2022 mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi, na huko Dubai mwaka 2023 ukaanza rasmi. Tajiri akiketi mbele ya mfuko wa namna hiyo, atauliza swali moja: mwamba wenu ulikuwaje kabla? Asiyekuwa na jibu atarudi na hotuba yake mfukoni. Wenye viwanda hawatatuandikia daftari la madeni yao wenyewe.

Lakini nisije nikamsafisha kila mtu. Daftari halina ndugu. Sheria imekataza kuvua kwa baruti tangu mwaka 1970, na kwa miaka mingi watu wa pwani waliusikia mlipuko asubuhi kama wanavyousikia mwadhini. Kila mtu alijua; hakuna aliyekuwa na hesabu. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita katika mwambao wetu na vinasa sauti vya chini ya maji, wakathibitisha milipuko 318, na kama asilimia 62 ya hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Siyo katika kijiji cha mbali kisichofikika, bali karibu na makao ya vyombo vyetu vyote vya dola! Miaka iliyofuata msako uliimarishwa, vyombo mbalimbali vikaunganishwa, na milipuko ikapungua sana. Hilo ni jambo la kupongezwa. Swali langu ni dogo: kama isingehesabiwa, tungejuaje kwamba imepungua?

Kuna sababu nyingine ya kuhesabu kila mwaka, na ndiyo nzito kuliko zote. Majeraha ya mwamba hayafanani, yakiwa mabichi. Tumbawe lililouawa na joto hubaki limesimama, mifupa mitupu. Baruti huacha shimo na kifusi. Kiti cha pweza huacha mabaka meupe pale alipokula, na jirani yake ni mzima. Tope na maji machafu huja na utelezi na mwani. Mtu aliyefunzwa akifika mapema aweza kusema, huyu kafa kwa hili na yule kwa lile. Lakini mifupa iliyosimama hutobolewa na wadudu wa baharini, hupigwa na mawimbi ya kusi, na baada ya miaka michache huanguka nayo ikawa kifusi. Hapo aliyekufa kwa joto na aliyekufa kwa baruti wanalala kaburi moja. Anayefika amechelewa hana cha kuchunguza. Na kifusi ni kitu kibaya, kwa sababu watoto wa matumbawe wakikishika, wimbi hukibiringisha na kuwasaga. Mahali palipopigwa baruti huweza kukaa jangwa kwa miongo.

Ninyi wa Tanga mna mfano wenu wa ushahidi uliopotea. Nje ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye miti, na kasa walipanda kutaga mayai. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa chenyewe hakikuwapo tena. Lilibaki fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika. Wako wanaosema ni kwa kuwa miti ilikatwa na mchanga ukakosa wa kuushika. Wako wanaosema bahari ilikuwa inakila tangu zamani, kwa sababu zake. Ubishi huo haujamalizika mpaka leo, na sidhani utamalizika, maana hakuna aliyekwenda mwaka hadi mwaka na kamba akapima ufuko. Tulikiwekea tangazo la Serikali tukasahau kukiwekea daftari.

Nimekitaja Maziwe kwa sababu ya Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda, linaishia hapa kwenu, ndani ya bahari hii yenye miamba, jirani na hifadhi ya mwaka 2009 iliyopewa jina la samaki yule wa kale, silikanti. Mimi ni miongoni mwa wanaoliunga mkono. Nchi inayojitegemea haiwezi kukataa kazi na mapato kwa kuogopa kila kitu. Lakini nawauliza wenzangu watumishi: siku mafuta yatakapomwagika, Mungu apishe mbali, na wavuvi wa Tanga wakasema mwamba wao umeharibiwa, mwenye meli atajibu nini? Atasema mwamba ule ulikuwa umekufa zamani kwa baruti na joto. Na sisi tutafungua kabati gani tumwonyeshe kwamba sivyo? Wako wataalamu wanaoamini kwamba maji baridi ya kina kirefu huipa nafuu miamba ya huku kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, ikastahimili joto kuliko mingine. Kama ni kweli, basi mna dhamana ya kitu kinachozidi kuwa adimu duniani, na dhamana haitunzwi bila hesabu.

Mtaniambia: mbona hesabu zimefanyika? Zimefanyika, kwa miradi. Mradi una miaka mitatu au mitano. Mwamba una miaka mia. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, ambayo kuitaja hakutatusaidia, kutafuta taarifa za upimaji wa mwamba fulani. Nilipokewa kwa heshima. Jalada lilikuwapo, limeandikwa vizuri juu yake, na ndani mlikuwa na barua ya makabidhiano na orodha ya viti. Niliambiwa kwamba mradi ulikwisha, kompyuta ikarudishwa kwa wenyewe, na kilichokuwa ndani kikaenda nayo. Mtu aliyekuwa akizamia alikuwa amehamishiwa wilaya isiyo na bahari. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja alifuata taratibu, na miaka mitano ya mwamba ikapotea kwa taratibu.

Wala msidhani kazi hii haiwezi kufanywa na watu wetu wa kawaida. Hapa hapa Tanga, mradi wa hifadhi ya mwambao ulioanza mwaka 1994 kwa msaada wa Ireland uliwafundisha wanavijiji kuhesabu miamba yao wenyewe, kwa njia zilizorahisishwa, nao wakahesabu pamoja na wataalamu. Wavuvi ambao hawakuwa na shule ndefu walijaza fomu zikaeleweka. Mradi ulikoma mwaka 2007. Fedha zikikoma, boti hukosa petroli, na mtu mwenye watoto hawezi kuzamia kwa moyo wa kizalendo peke yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa ninyi mnaotayarisha makadirio ya halmashauri ni kwamba hesabu ya miamba iwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, hata likiwa dogo, kama lilivyo fungu la chanjo. Vifaa si vya kutisha: tepe, vigingi, miwani ya kuzamia, kipimajoto, kibao cha plastiki na penseli ambayo huandika hata chini ya maji, petroli ya siku chache mara mbili kwa mwaka, na posho halali ya wavuvi wawili wanaoujua mwamba kwa majina yake. Mfadhili akija akaongeza, karibu. Lakini asipokuja, mwaka usirukwe. Na anayehamishwa asiondoke mpaka ameingia majini pamoja na anayempokea, amwonyeshe vigingi kimoja kimoja. Nakala moja ibaki wilayani, nyingine ipelekwe kwa taasisi ya Chuo Kikuu.

Jambo moja zaidi kwa watumishi, na nalisema nikijihesabu miongoni mwenu. Tumezoea kuandika taarifa za mafanikio. Mkubwa akija, tunampa namba zinazopanda. Daftari la mwamba likiandikwa kwa kumpendeza mkubwa, ni heri lisiandikwe, kwa kuwa siku ya madai litatumika kutukanusha. Mwaka mbaya uandikwe mbaya. Na siku ambayo bahari ilichafuka mkashindwa kuzamia, iandikwe hivyo. Pasijazwe namba ya kubuni.

Kwenu walimu naomba kidogo zaidi. Zamani shule nyingi zilikuwa na kipimamvua uani, na mwanafunzi wa zamu alikisoma kila asubuhi. Shule za pwani zaweza kufanya vivyo hivyo na bahari. Joto la maji lipimwe mahali pamoja, saa ileile, mara moja kwa juma. Watoto waende dikoni waandike samaki walioshushwa, pono wangapi, tasi wangapi, changu wangapi, kwa dema au kwa nyavu. Wakati wa bamvua maji yakitoka sana, mwalimu na mvuvi mmoja waende ukingoni waandike wanachokiona, watoto wakibaki mchangani, kwa sababu miguu arobaini juu ya matumbawe ni maafa mengine. Haya hayachukui nafasi ya mtaalamu wa kuzamia. Lakini joto likipanda ghafla mwezi wa tatu, mtoto wa darasa la sita ataligundua kabla ya wizara, nasi tutajua mapema wapi mtaalamu apelekwe.

Mzee wangu wa mtumbwi amekwisha kuacha bahari, magoti yamekataa. Nilipomweleza kwamba ninakuja kuzungumza nanyi alinitajia mwamba wake kwa sehemu zake, moja baada ya nyingine, na mwaka kila sehemu ilipoharibika, na ilipoanza kurudi. Niliyaandika yote. Ni kurasa nne. Namba hazimo, lakini miaka imo, na mingi inalingana na ile ya wataalamu.

Nimekuja nalo daftari hilo pamoja na mengine matatu matupu niliyoyapigia mistari: tarehe, saa, joto la maji, mahali, kilichoonekana, jina la aliyeandika. Nitayaacha kwa katibu wa semina. Mwalimu anayetoka shule iliyo karibu na maji achukue moja kabla hatujakwenda kula chakula.